Kwa nini kovu halifutiki kwa siku saba

Jumamosi moja mwezi uliopita nilikuwa nimekaa kwenye mkeka katika saluni ndogo ya Ngamiani, hapa Tanga, nasukwa twende tatu kichwa, akaingia binti na kikapu. Alikuwa anauza mafuta ya makovu. Kopo dogo, mfuniko wa rangi ya dhahabu, na karatasi iliyobandikwa kwa gundi: huondoa makovu, michirizi, madoa na chunusi, siku saba. Shilingi 15,000.

Dakika tano baadaye saluni ilikuwa imegeuka wodi. Msusi wangu alipandisha dera akatuonyesha shavu la mguu, mahali alipounguzwa na ekzosi ya bodaboda. Mama aliyekuwa chini ya draya akasema lake ni la operesheni ya uzazi, lina miezi minane na bado linamuwasha. Msichana wa tatu hakusema neno. Alisogeza tu mtandio, tukaona sikio: nyuma ya tundu la hereni palikuwa na kinundu kigumu kinachong'aa, ukubwa wa karanga mbili zilizoshikana.

"Yote yanatoka," binti akasema.

"Hata hili la sikio?"

"Shoga, ukiwa na imani linatoka."

Makopo mawili yakanunuliwa papo hapo. Mimi nikabaki nafikiria kwamba wale watu watatu walikuwa na vitu vitatu tofauti, vinavyotokana na sababu tofauti na kutibiwa kwa njia tofauti, na wote tumewapa jina moja: kovu. Ukishaita vitu vitatu kwa jina moja, kuviuzia kopo moja si kazi.

Jeraha, kidonda, kovu, doa

Tuanze na majina basi. Jeraha ni pale ngozi inapochanika, kutoboka, kuchubuka au kuungua. Likiwa bado wazi, halijafunga, wengi wetu tunaliita kidonda, na mitaani maneno haya mawili yanabadilishana bila ugomvi. Kovu ni kiraka ambacho mwili umekishona wenyewe baada ya jeraha kufika ndani. Doa ni rangi tu iliyobaki, ngozi yenyewe imerudi kama ilivyokuwa.

Kutofautisha kovu na doa hakuhitaji hospitali. Funga macho, pitisha kidole taratibu juu ya alama. Kama kidole hakigundui mahali alama inapoanza wala inapoishia, hilo ni doa. Kikikutana na mstari mgumu, mwinuko, bonde au sehemu inayoteleza kuliko jirani zake, hilo ni kovu.

Tofauti hii ina uzito kwa sababu doa, hasa kwenye ngozi nyeusi kama zetu, hufifia lenyewe. Ngozi ikiumia huzalisha rangi kupita kiasi, kama mpishi aliyeshtuka akamwaga chumvi. Rangi hiyo huondoka polepole, miezi kadhaa, pengine mwaka na zaidi ikiwa imezama chini. Kovu halifutiki. Hulainika, hushuka, hupauka, lakini kiraka hubaki kiraka maisha yote.

Mkeka uliochanika

Mtu aliyewahi kukaa na bibi anayesuka mkeka ataelewa ngozi haraka kuliko aliyesoma kitabu. Juu kabisa kuna utando mwembamba unaojibadilisha wenyewe, chembe za zamani zikipukutika na mpya zikipanda kutoka chini, mzunguko wa kama mwezi mmoja hivi. Mchubuko ukiishia hapo, hapabaki kovu. Watoto huanguka wakichubuka magoti mara mia na wakikua huoni kitu.

Chini ya utando huo ndiko uliko mkeka wenyewe: nyuzi imara ziitwazo kolajeni, zimepitana juu na chini, kushoto na kulia, kama ukindu. Kupitana huko ndiko kunakoifanya ngozi ivutike kila upande na kurudi. Jeraha likikata mpaka hapa, mwili hauna nafasi ya kukaa chini na kusuka upya. Damu inatoka, vijidudu vinaingia, lazima tundu lizibwe leo. Kwa hiyo nyuzi mpya zinalazwa harakaharaka, nyingi zikielekea upande mmoja, mithili ya mtu aliyefunga mkeka uliotoboka kwa kulaza kamba sambamba badala ya kuzisuka. Tundu limezibwa. Mfumo haupo. Ndiyo maana kovu linang'aa, halivutiki vizuri, halioti nywele na halitoki jasho: vinyweleo na tezi za jasho vilivyokuwepo havirudishwi. Hata nguvu hairudi yote. Kovu lililokomaa hufikia kama asilimia 80 ya uimara wa ngozi ya awali, halivuki hapo.

Kazi hii ina hatua zake. Damu inaganda ndani ya dakika. Siku chache zinazofuata pale mahali panakuwa na joto, wekundu na uvimbe, kwa sababu chembe za usafi zimefika kula uchafu na vijidudu. Uvimbe huu wa mwanzo watu huuogopa bure. Wa kuogopwa ni ule unaozidi badala ya kupungua baada ya siku tatu au nne, wenye maumivu yanayopanda, usaha, harufu, homa, au mstari mwekundu unaokimbilia juu ya mkono au mguu. Kisha zinakuja wiki za kujaza nyama, ile nyekundu yenye punjepunje inayotoka damu ukiigusa. Hiyo ni nyama nzuri, usiikwangue. Mwisho ni kupanga upya, na hapa ndipo siku saba zinapochekesha: hatua hii huchukua mwaka mzima, wakati mwingine zaidi. Mwili unaondoa nyuzi zilizozidi, unazivuta vizuri zilizobaki, na mishipa midogo ya damu iliyoitwa kwa dharura inafungwa.

Kwa hiyo kovu la mwezi wa pili ni gumu, limeinuka, lina rangi kali na linawasha. Kovu lilelile mwezi wa kumi na nne limelala na kupauka hata kama hukulipaka kitu. Ukianza kutumia kopo mwezi wa tatu na kuliacha mwezi wa kumi, sifa zote zinakwenda kwa kopo.

Na kiraka hicho hakilali kamwe. Mabaharia wa zamani waliokaa miezi baharini bila matunda waliugua ugonjwa wa kukosa vitamini C, na mojawapo ya mambo yaliyowatisha ni kwamba makovu yao ya miaka mingi yalifunguka tena. Kolajeni hubomolewa na kujengwa kila siku, na bila vitamini C haijengeki. Ukipita Muheza msimu wa machungwa, ukaona yalivyorundikwa kando ya barabara, jua kwamba hiyo nayo ni dawa ya kidonda. Kuna nyumba ambako mtu mwenye kidonda hukatazwa mayai, samaki na maharage eti vitaleta usaha. Ni kumnyima fundi matofali. Protini ndiyo nyuzi zenyewe.

Siku za kwanza

Ukiniuliza kovu linaamuliwa lini, nitakwambia kwa kiasi kikubwa ni ndani ya wiki tatu za mwanzo. Jeraha linalofunga mapema bila kuoza huacha kovu dogo. Linalobaki wazi zaidi ya wiki tatu huacha kovu nene. Fedha nyingi za mafuta ya makovu zinalipa uzembe wa siku ya kwanza.

Miaka michache iliyopita mtoto wa jirani yetu, akiwa na umri wa miaka mitatu, alivuta kitambaa cha meza, chupa ya chai ikammwagikia mkononi na kifuani. Baba mdogo wake alitoka mbio ndani na dawa ya meno. Shangazi yangu, ambaye ni mkali, alimpokonya ile dawa akamwagia mtoto maji ya ndoo kwa kikombe, kikombe baada ya kikombe, mtoto analia, baba mdogo analalamika kwamba mtoto atapata nimonia. Dakika ishirini nzima. Kisha akamfunika kwa kanga safi iliyofuliwa, wakapanda bajaji kwenda hospitali. Leo mkono ule una doa jepesi. Kifuani, ambako shati lilichelewa kuvuliwa, kuna kovu.

Dakika ishirini si mbwembwe za shangazi. Ngozi iliyoungua inaendelea kuiva kwa joto lililobaki ndani hata baada ya chai kuondoka, kama ndizi uliyoitoa kwenye mafuta. Maji ya bomba yanayotiririka, ya kawaida, si ya barafu, yanazima joto hilo, na yanasaidia hata kama umechelewa, ndani ya saa tatu za kuungua. Barafu inakaza mishipa ya damu na kuongeza madhara. Dawa ya meno, ute wa yai, unga, samli na mafuta ya taa vinafunika joto lisitoke, vinaleta vijidudu, na muuguzi atalazimika kuvisugua vyote kabla ya kuona kidonda. Vua bangili, pete na hirizi mapema kabla mkono haujavimba. Malengelenge usiyapasue, ile ngozi ya juu ni bandeji ya bure. Na kama eneo limezidi kiganja cha aliyeungua, au ni uso, mkono, kiungo, sehemu za siri, au ni mtoto mdogo, au ngozi imekuwa nyeupe au nyeusi na haiumi, hiyo si ya nyumbani.

Kutokuuma, kwa kweli, ndiyo dalili inayodanganya wengi. Ekzosi ya pikipiki ina chuma cha moto kinachozama haraka, na katikati ya alama mishipa ya fahamu inaweza kuwa imeungua. Mtu anasema "hainiumi sana", anapaka mafuta, anaendelea na safari. Pikipiki zetu nyingi ekzosi iko kulia. Shukia kushoto.

Kwa jeraha la kukatwa, bonyeza kwa kitambaa safi dakika kumi bila kufunua kuchungulia. Kuchungulia kunavunja damu iliyoanza kuganda. Damu ikitulia, osha. Maji safi ya kunywa yanatosha, na sabuni pembeni. Osha mpaka mchanga uishe. Mimi nina ushahidi wa hili gotini: nilikuwa na miaka kumi na moja, nikaanguka na baiskeli njia ya kwenda Raskazone, na mama kwa huruma hakuthubutu kulisugua lile goti lenye kokoto. Lilifunga vizuri. Lakini mchanga mweusi ulifungiwa ndani, na mpaka leo nina nukta nne za bluu kama chale. Hakuna mafuta yatakayozifikia, maana haziko kwenye ngozi ya juu, ziko chini ya kiraka.

Jeraha lililoachama, lililofika kwenye mafuta ya njano, au lenye mdomo usiokutana, lipelekwe kushonwa mapema, saa chache za mwanzo, siku ileile. Nyuzi za kushonea nazo zina muda wake: za usoni hutolewa kama siku ya tano, za mguuni zinaweza kukaa wiki mbili. Kuziacha usoni wiki mbili kwa sababu "bado natafuta nauli" huacha alama za ngazi pande zote za mstari.

Mkoa huu una mkonge mwingi, na ncha ya jani la mkonge inachoma kama msumari. Tundu dogo, refu, halitoki damu nyingi, ndilo pepopunda hulipenda kuliko mchubuko mkubwa unaotisha. Kama jeraha ni chafu na chanjo yako ya mwisho ya pepopunda imepita miaka mitano, au hukumbuki, nenda ukachomwe. Mbwa akikung'ata, sabuni na maji dakika kumi na tano, kisha kituo cha afya siku hiyohiyo. Hapo suala si kovu tena.

Kuacha wazi au kufunika?

Hili ndilo swali lenye ubishi kuliko yote, na wazee wetu wengi wako upande mmoja: acha kidonda kipate hewa, kikauke, kifanye kigaga. Nilikulia katika imani hiyo.

Mwaka 1962 mtafiti Mwingereza, George Winter, alichapisha katika jarida la Nature matokeo ya jaribio alilofanya kwa nguruwe. Aliwafanyia majeraha madogo ya juujuu, mengine akayafunika kwa utando, mengine akayaacha yakauke. Yaliyofunikwa yaliota ngozi mpya kwa kasi ya karibu mara mbili. Sababu ni rahisi ukiiona: chembe mpya za ngozi hutambaa kutoka kingoni kuelekea katikati, na hutambaa juu ya unyevu. Kidonda kikikauka, kigaga kinakuwa jabali, inabidi zichimbe njia chini yake. Na ukikibandua kigaga kwa kucha, umezirudisha zilikotoka.

Kwa hiyo baada ya kuosha: mafuta ya mgando kidogo, kutoka kopo safi ambalo halijachotwa na vidole vya nyumba nzima, gozi juu, plasta. Badilisha kila siku, au mara linapolowa au kuchafuka. Huna haja ya dawa ya ajabu kwa jeraha dogo safi. Ila unyevu si kuloweka, na kwa joto la pwani yetu hili lina maana. Kufunga kwa nailoni siku tatu bila kufungua, mguu umo ndani ya raba, hiyo ni kulea vijidudu. Ngozi pembeni ikiwa nyeupe na kukunjamana kama ya mfua nguo, umezidisha.

Spiriti na ile dawa inayotoa povu zinaridhisha macho. Povu likifoka tunasema "inaua". Kweli inaua, pamoja na chembe changa zilizokuja kujenga. Dawa ya zambarau inapaka rangi kiasi kwamba wekundu wa kuoza ukija huuoni. Ule unga wa kapsuli za rangi mbili, unaomwagwa juu ya kidonda kuanzia kwenye saluni za kiume mpaka kwenye magereji, nao unaganda kama saruji, unaweza kuleta mzio, na unavifundisha vijidudu kuizoea dawa ambayo kesho utaihitaji kwa kumeza.

Maji ya bahari je? Hapa Tanga utaambiwa nenda kaogelee, chumvi itakausha. Chumvi ndani ya maji uliyoyachemsha na kuyapoza ni kitu kimoja. Bahari yenye bandari, mitaro na samaki ni kitu kingine, na ina vijidudu vyake vinavyopenda chumvi na joto. Kidonda kibichi kisiingie. Asali ina hoja nzuri zaidi: ile iliyotakaswa kwa matumizi ya hospitali imeonekana kusaidia majeraha ya moto yasiyo na kina. Lakini asali ya chupa ya soda, iliyopita mikono mitatu na pengine kuongezewa sukari guru, kaa nayo kwa chai.

Kidonda kisichoonyesha dalili ya kufunga baada ya wiki mbili au tatu kinaeleza habari nyingine ya mwili. Kwa watu wazima jambo la kwanza kupimwa ni sukari. Kidonda cha mguu cha mwenye kisukari huweza kisiume kabisa huku kinazama, na wengi hugundua ugonjwa wenyewe kwa njia hiyo. Mwenye selimundu naye hupata vidonda sugu karibu na kifundo cha mguu. Na sigara inabana mishipa ya damu inayoleta chakula pale.

Linapokuwa keloidi

Sasa turudi kwa yule msichana wa mtandio, maana yeye ndiye aliyekuwa na shida kubwa kuliko wote na ndiye aliyeuziwa uongo mkubwa kuliko wote.

Kovu linaweza kuinuka kwa namna mbili. La kwanza linanenepa ndani ya mipaka yake: mstari wa operesheni unakuwa kamba, lakini haupiti pale kisu kilipopita. Hili huanza mapema, huwasha, na mara nyingi hupungua lenyewe likiachiwa mwaka au miaka miwili. La pili linavuka mpaka. Tundu lilikuwa la sindano, uvimbe unakuwa wa karanga, kisha wa kungumanga. Linaweza kuanza miezi mingi baada ya jeraha kupona, na halirudi nyuma lenyewe. Hilo ndilo keloidi.

Ni mwili uliosahau kusema basi. Mafundi wanaendelea kuleta nyuzi wakati nyumba imeshakwisha. Huwapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi, hurithiwa katika familia, na hupenda umri wa kati ya miaka kumi na thelathini. Mahali pake ni ndewe za sikio, kifua, mabega na taya. Wanaume hupata vinundu vya namna hiyo kisogoni, baada ya nywele fupi zilizonyolewa sana kuingia ndani ya ngozi. Si saratani, halimwambukizi mtu, si damu chafu, na hakuna aliyekuroga.

Binamu yangu alikuwa nalo sikioni. Akapata mtu aliyemkata kwa dakika kumi, kwa bei nafuu, akamfunga pamba, akamwambia amepona. Kwa miezi mitatu sikio lilikuwa zuri, akapiga picha nyingi. Mwezi wa saba uvimbe ulikuwa umerudi, na safari hii umeshika ndewe nzima. Alilia, akadhani amekosea kula kitu. Hakukosea. Keloidi likikatwa tu bila matibabu mengine, hurudi kwa zaidi ya nusu ya watu, na mara nyingi hurudi kubwa, kwa kuwa kukata ni jeraha jipya kwa mwili uleule usiojua kusema basi.

Matibabu yapo. La kawaida ni sindano ya dawa ya jamii ya steroidi inayochomwa ndani ya uvimbe wenyewe, kila baada ya wiki nne hadi sita, mara kadhaa. Inauma, tusidanganyane. Uvimbe hulainika na kushuka, na kuwasha hupungua. Ukikatwa, ukatwe na anayepanga kufuatilia kwa sindano, hereni za kubana, au mionzi. Anzia hospitali ya rufaa ya mkoa, ulizia daktari wa ngozi. Moshi, pale hospitali ya KCMC, kuna kituo cha kanda kinachofundisha madaktari wa ngozi, na basi la Tanga na Moshi ni la kila siku. Na ukijua una keloidi moja, au mama yako analo, kutoboa pua na tundu la pili la sikio ni kamari.

Kinachosaidia, na ndimu

Kwa kovu la kawaida ambalo limeshafunga, orodha ya vitu vyenye ushahidi ni fupi na haina harufu nzuri. Cha kwanza ni silikoni, vipande laini vya kubandika au jeli, inayokaa juu ya kovu saa kumi na mbili au zaidi kwa siku, miezi miwili mitatu na kuendelea. Hupatikana katika maduka makubwa ya dawa na si rahisi kwa bei. Cha pili ni kukanda kovu kwa kidole na mafuta ya mgando, dakika chache mara mbili kwa siku, hasa likiwa karibu na kiungo. Kovu la moto kwenye kiwiko au shingoni hujikunja na kuvuta, na mtoto asiponyooshwa kila siku anaweza kushindwa kunyoosha mkono. Cha tatu ni kulikinga na jua, kwa nguo au mafuta ya kuzuia jua. Ngozi mpya ikipigwa na jua la saa saba mchana hupika rangi zaidi.

Mafuta ya nazi hulainisha ngozi, hayapangi nyuzi. Liwa inanukia vizuri na sitaki kuigusa heshima yake, lakini kazi yake si hii. Singo ya kusuguliwa kwa nguvu juu ya alama mbichi hufanya ngozi ishtuke na kuongeza doa. Mafuta ya vitamini E, yale ya kapsuli zinazotobolewa kwa sindano, yalipopimwa hayakuonyesha kuyashinda mafuta ya kawaida, na wengine yaliwatoa vipele.

Ndimu ndiyo ya hatari, na ndiyo inayotumika sana. Maji ya ndimu yana kemikali inayoamshwa na jua. Paka asubuhi, toka nje, na baada ya siku moja au mbili pale mahali pataungua, pengine kwa malengelenge, kisha pataacha weusi mkali kuliko ule ulioutaka utoke. Wauza juisi wanaokamua ndimu juani wanazijua alama hizi mikononi hata kama hawajui zinatoka wapi.

Na mkorogo. Unachofanya ni kuing'arisha ngozi nzima ya pembeni, doa likabaki limesimama peke yake kama kisiwa, halafu mtu anaongeza dozi. Vipodozi vyenye zebaki au haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini, na bado vinapenya. Zebaki huharibu figo. Steroidi kali zinazochanganywa humo hukondesha ngozi mpaka inachanika kwa kuguswa na kupona kwa shida, kwa hiyo aliyeanza kwa kutafuta dawa ya kovu anaishia na ngozi inayozaa makovu.

Wiki iliyopita nilirudi kufumua nywele. Yule msichana wa sikio hakuwepo, nimemwachia msusi ujumbe ampe. Mama wa operesheni nilimkuta, lake halikuvuka mpaka wa kisu, nikamwambia miezi minane bado ni changa na kuwasha ni kawaida yake, akanunue silikoni kama ana uwezo, na likizidi kupanuka amwone daktari.

Msusi nikamwomba afumbe macho, apitishe kidole kwenye shavu la mguu. Akapitisha. Akarudia kutoka juu.

"Sisikii kitu," akasema.

"Basi hilo ni doa. Vaa nguo ndefu ukitoka juani, litapungua lenyewe."

Akafungua droo, akanionyesha kopo lenye mfuniko wa dhahabu. Alikuwa amelipaka mara mbili tu. Tuligeuza chini juu, hakuna orodha ya vilivyomo, hakuna alama ya TBS, shirika la viwango, hakuna tarehe. Akalifunika, akalirudisha nyuma ya vitana, akaniambia niinamishe kichwa.